Mezuza Nne za Tsivia

Mwaka wa sita huo, Anshel yuko kwa mama yake, mtaa wa tatu kutoka hapa, anakula keki na kunenepa. Tsivia, mkewe, si mke si mtalaka. Sheria yetu sisi Wayahudi ndiyo hiyo: mume asipompa hati ya talaka kwa mkono wake na kwa hiari yake, mwanamke hatoki katika ndoa. Na Anshel alikuwa hana haraka, mwanaharamu yule.

Hapa Bnei Brak, Tsivia alishona mawigi ambayo wanawake wetu walioolewa hufunikia nywele, naye akivaa lake kama mke wa mtu. Kila alipolia, mtaa mzima ulikuwa na swali moja: "Mezuza zako umezikagua?" Maana sisi, mtoto akivunjika mguu tu, tunakimbilia mlangoni. Huenda herufi imefifia kwenye mezuza, kile kingozi cha Maandiko tunachokipigilia mwimoni, na balaa limepata njia.

Basi akazing'oa zote nne, kwa mara ya saba, akampelekea Mzee Fishel aliyeziandika. Njiani aliomba: Mungu wangu, ufa mmoja tu. Kasoro ina dawa.

Mzee akainama na lenzi yake. "Safi. Safi. Hii nayo safi." Ya nne akaishikilia kitambo, na Tsivia akasogea karibu.

"Imeharibika, sivyo?"

"Wapi! Natazama mwandiko wangu wa ujanani. Hii nzuri kuliko zote."

"Tazama tena, mzee. Au ikwaruze! Herufi moja tu, nakuomba."

"Niharibu jina la Mungu, binti yangu?"

"Nataka mtu aniambie kosa liko hapa, niliondoe!"

"Haliko hapa. Liko kwa mama yake, linakula keki. Nitakwenda niongee naye."

"Ulishakwenda mara tatu."

Mzee akavua miwani. "Nne," akasema.

Tsivia akarudi, akapanda kiti, akazipigilia mwenyewe. Ya mlango mkubwa ilikuwa ya mwisho. Jirani yake Hinde akapita na kapu la nguo.

"Eh, umezikagua?"

"Zote safi."

"Afadhali!" Hinde akasimama, akafikiri. "Basi labda ni sufuria, mwenzangu. Una hakika za maziwa na za nyama hazijachanganyika?" Maana kwetu ni mwiko maziwa na nyama kuchangia sufuria.

Tsivia alitaka kumrushia nyundo. Badala yake akagusa mezuza, akabusu vidole kama siku zote, akaingia jikoni na kuanza kutoa sufuria kabatini, moja moja.