Mtani Wangu Aliniambia Hatanii

Nilimuua mtani wangu kwa mdomo huu. Sikumpiga, sikumwekea sumu. Nilimtania tu, wakati yeye alikuwa ameshaacha utani.

Mimi ni Mgogo. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa bwana mifugo katika kijiji kimoja upande wa Igalula. Maganga, Mnyamwezi, ndiye aliyechunga ng'ombe wa kijiji. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, basi asubuhi yetu ilianza kwa kutukanana.

"Bwana mifugo, leo unatoza hongo? Babu zako walitutoza hata maji ya kunywa, tukipita na mizigo kwenda pwani!"

"Na babu zako wakalipa, wajinga wale!"

Jamani, tulicheka!

Tulikuwa tumejenga shimo la samadi, tukalifunika kwa pipa kubwa la chuma. Samadi ikioza humo hutoa hewa inayowaka. Hewa ikijaa pipa hupanda, nasi tulipata moto wa kupikia pale zahanati. Zizini hewa hiyo hupotea bure. Siku hizi nasikia redioni kwamba hewa hiyohiyo, pamoja na ile itokayo kwenye mbolea za dukani, inaipasha dunia joto, na wataalamu wanaipima kwa mashine. Sisi tulipima kwa mistari ya rangi nyeupe ubavuni mwa pipa. Mstari mpya ukichomoza, nilifurahi kama mtoto.

Msimu mmoja pipa likaacha kupanda. Na wageni wa mkoani walikuwa njiani kuja kuliona! Kwa kuogopa aibu nikaamuru pipa liondolewe, samadi ichotwe, na mtu ashuke kutafuta ufa.

Maganga alichungulia, akarudi nyuma ameshika kifua.

"Mtani, humu hamvutiki pumzi. Tuliache wazi kwanza, hata mpaka kesho."

"Ala! Mnyamwezi wa kubeba pembe za ndovu mpaka baharini, leo anaogopa mavi ya ng'ombe?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Sitanii, mtani."

Nilimsikia! Naapa nilimsikia.

"Basi kamlete Kalunde ashuke yeye, wewe uvae kanga yake."

Kalunde alikuwa mkewe. Maganga alinitazama, akavua shati, akashuka. Chini aliinama mara moja tu. Hakuinuka tena.

Tulimnasa kwa kamba za ng'ombe tukamvuta. Hakuwa na jeraha popote. Hata mchubuko! Ni hewa ile tu iliyomkata pumzi.

Wazee walipouliza, nilijibu haraka: "Nilimkataza. Alishuka kwa ubishi wake." Wale waliocheka pale shimoni walitazama chini, wakanyamaza. Nao walikuwa na lao la kuficha.

Siku ya mazishi watu walinisubiri nifanye kazi ya mtani: niruke kaburini, nigome kutoka mpaka nilipwe, wafiwa wacheke kidogo. Nilisogea mpaka ukingoni. Nikaona udongo, nikaona lile shimo jingine. Nikarudi nyuma.

Kalunde akaniita mbele ya watu. "Mtani, hata leo unaninyima? Nani atanichekesha mimi?"

Nilifunika uso. Akadhani ni uchungu, akanishika mkono. "Usijilaumu. Mume wangu alikuwa mbishi." Mimi ndiye niliyefarijiwa, ndugu zangu! Na mjane!

Niliomba uhamisho. Nilipopita tena kijijini baadaye, nilimsikia Kalunde akimfokea mwanawe: "Ubishi huo ndio uliomuua baba yako!" Nilikuwa nimeshika kata ya maji aliyonipa ninywe; nikayamwaga chini, nikaondoka. Kalunde naye sasa ni marehemu. Amekufa akiamini uongo wangu.

Ninyi mnaochimba mashimo ya gesi leo, msimshushe mtu ndani, hata kama wageni wamefika mlangoni. Na mwenzako akikuambia hatanii, funga mdomo umsikilize.

Watoto wa Maganga, popote mlipo, baba yenu hakuwa mbishi. Alikataa kushuka. Mimi ndiye niliyemshusha.