Mdogo Wangu Juu ya Boriti

Mwezi uliopita nilirudi Likasi kumwona mama, nikapita mbele ya ule ukumbi wa parokia. Siku hizi ni ghala, mifuko ya saruji imepangwa hadi darini. Nilisimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokuja kununua. Humo ndimo mdogo wangu alimojifunza jimnastiki.

Alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi aliyelelewa na masista, alijitengenezea vifaa mwenyewe: magodoro ya maganda ya mahindi, yaliyolia kwachu kila tulipotua, na boriti ya mti iliyoviringishwa blanketi. Sisi wengine tulipanda tukitetemeka. Mdogo wangu alitembea juu yake kama anayeingia jikoni kwao.

Kazi yangu ilikuwa kumsindikiza baada ya kuosha vyombo, na kumrudisha akiwa na njaa ya ajabu. Mama alitufunikia bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, na siku za samaki wa Kapolowe alimwachia yeye kichwa, nami nikanuna.

Baba hakutaka mambo hayo. Alifanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe, na kanisani alikuwa shemasi.

"Mutoto mwanamuke anaonyesha miguu mbele ya bantu? Apana. Haiko mu nyumba yangu."

Bibi ndiye aliyepata njia. Alishona suruali ya kubana, ndefu mpaka vifundoni, kutoka pazia la kijani. Baba aliitazama, akamwacha aende. Lakini hakuwahi kuja kuona.

Kisha mashindano ya mkoa yakafanyika kwenye ukumbi wetu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Katikati ya boriti aligeuka, mguu ukateleza, akagonga ubavu kwenye mti na kuanguka. Nyuma yangu wasichana wa Lubumbashi walicheka: "Muone ule wa pazia!" Yeye alibaki godoroni, ameshika ubavu, haangalii mtu.

"Panda, mama! Panda tena!"

Niligeuka. Baba alikuwa amesimama juu ya benchi karibu na mlango, katika nguo za kazi, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye nyusi. Mpaka leo sijui nani alimwambia. Mdogo wangu alimtazama, akajifuta pua kwa kiganja, akapanda. Aligeuka palepale alipoanguka, na mguu ukashika.

Boriti ilimpunguzia pointi, lakini katika zoezi la sakafuni hakuna aliyemfikia. Baba alimbeba mgongoni hadi nyumbani, suruali ya kijani ikajaa chokaa, naye shemasi mzima akiimba njiani.

Baadaye akawa bingwa wa nchi, mara mbili, kule Kinshasa. Redio ilipotaja jina lake, mama alifungua milango yote ili majirani wasikie. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alitua vibaya, kano za goti zikakatika. Alirudi kwa magongo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini baba alipasha mafuta ya mawese na kumkanda lile goti, mwaka mzima, mpaka akaweza kutembea. Kuruka ndiyo ikawa basi.

Baba alishafariki, na bibi. Mwalimu alihama, hatujui aliko. Mdogo wangu anakaanga mikate, maandazi ya kwetu, kando ya barabara, na mikate yake huisha kabla ya saa tatu. Nilimsaidia asubuhi moja, na msichana mmoja alipokuja kununua nikamwambia, huyu alikuwa bingwa wa Kongo nzima. Msichana alimtazama jinsi anavyoburuta mguu, akacheka.

"Huyu maman? Weye unanidanganya."

"Umuache, yaya," mdogo wangu alisema, kwa jina tunalomwita ndugu mkubwa, akimwongezea yule msichana mkate mmoja.

Nilimwacha. Lakini tangu siku ile najikuta nahesabu tuliomwona kwa macho. Mama haoni vizuri tena. Nikiondoka na mimi, itakuwa kama hakuwahi kuruka.