Matumbawe ya Sebuleni

Juzi, nikinunua dawa ya kupe kwenye duka la mifugo mjini Bunda, aliingia bwana mwenye tai, akaomba kilo mbili za chumvi ya ng'ombe.

"Una ng'ombe wangapi, baba?" mama muuzaji akauliza.

"Sina. Nafuga matumbawe ya baharini sebuleni, kwenye tangi la kioo lenye taa. Chumvi si chumvi tu?" Akatoa simu, akaonyesha picha kwa madaha. "Yalikuwaga zambarau. Sasa yametakata, meupe pee."

"Baba, matumbawe nayo yana uhai. Ng'ombe wako mweusi akiamka mweupe, utamsifia?"

Bwana akarekebisha tai. "Wewe pima, mama. Jumapili wageni wanakuja kuyaona."

Akapimiwa. Sisi wengine tukifiwa tunazikaga. Huyu amemwashia marehemu taa, anangoja pongezi.