Dawa ya Mzee Ilivyonenepesha Kuku

Benchi la kliniki ya uzazi pale Makutano nimelikalia mpaka nadhani limechukua umbo langu. Tunabanana hapo wanawake, mikoba mapajani, na hakuna anayemuuliza mwenzake amefuata nini. Sote tunatafuta mtoto. Na wengi wetu, kabla ya kusaidiwa kupata huyo mtoto, tunaambiwa kuna ugonjwa wa zinaa wa kutibu kwanza.

Wangu ulikuwa klamidia. Haukuniuma hata siku moja. Ulikaa kimya kama mgeni mwenye adabu, kumbe unaniziba mirija ya uzazi. Daktari, mama wa makamo asiyepoteza maneno, alinionyesha picha.

"Huu umeziba. Huu mwingine bado uko wazi. Ukiambukizwa tena, nao utaziba. Mzee wako lazima ameze dawa pia."

Akanipa dawa za watu wawili. Ni nani alimletea mwenzake, sikutaka kujua. Nilikuwa nimechoka.

Mimi nimesoma ngumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, na nilihitimu kwa kishindo hata mwalimu nusura anikabidhi chaki. Kwa hivyo nilipofika nyumbani Kianjai nilimsomea mzee maagizo yote: asubuhi na jioni, wiki nzima, na kila mtu kitanda chake mpaka tumalize. Alinisikiza akitafuna miraa.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Nikameza zangu. Pakiti yake nayo nikaiona tupu. Miezi ikapita, nikarudi kupimwa, klamidia ipo! Nilichoka mpaka kope zikawa na uzito wa debe la mahindi.

"Mzee alimeza?" daktari akauliza.

"Alimaliza zote," nikasema, na nilikuwa naamini.

Ukweli uliletwa na jirani yangu, akiwa amesimama kwenye ua na kuku anayekoroma mkononi. Mafua ya kuku, yaliyopita kwetu wiki ile nilipoleta dawa, yalikuwa yamerudi, yanafagia kijiji. Wetu, tangu yale mafua ya kwanza, walikuwa wamenona kama bata mzinga. Jogoo akiwika, naapa mama yangu alimsikia kule Kanja, Embu.

"Mama, usitufiche," jirani akasema. "Mzee wako anasema kuku wenu walipona na vidonge vya Makutano. Si unitafutie na mimi?"

Nilimkuta mzee nyuma ya nyumba na miraa yake.

"Dawa yako ulipeleka wapi?"

"Kuku walikuwa wanaumwa. Mimi siumwi mahali."

"Na daktari alisema nini?"

"Wewe ukitibiwa, si nyumba imetibiwa?"

Ningepiga kelele, lakini huku kwetu nani hajawahi kufungua kidonge cha mtu akamwaga unga kwenye maji ya kuku? Hata mimi nimefanya. Nikaketi juu ya gunia.

"Mzee wangu, nimebaki na mrija mmoja," nikamwambia. "Kuku wako wametaga, wameangua, wameanza tena. Mimi ni lini?"

Akaacha kutafuna. Akatema miraa, akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Safari hiyo tulienda wote. Aliketi kwenye benchi letu, mwanamume peke yake, kofia magotini. Dawa alimeza mbele yangu, asubuhi na jioni, nami nikimwambia afungue mdomo nione. Tuliporudi kupimwa, wote tulikuwa tumepona. Mrija ule mmoja bado uko wazi. "Sasa mjaribu, na mngoje," daktari akasema.

Nyumbani tulimkuta mama mkwe mlangoni. Kama kawaida, aliangalia tumbo langu kabla ya uso.

"Huyu bado tu? Hospitali zote hizo?"

Mzee akavua kofia.

"Mama, mwache," akasema. "Tulikuwa wagonjwa wawili. Mimi ndiye nilichelewa kumeza dawa."

Mama mkwe akanisogezea kiti. Nikakaa.