Asilimia Sabini za Mama Philomène

Mama Philomène alipiga chapa kazi za wasomi, na kwa miaka kumi na tisa aliwauliza swali moja: hii umeitoa wapi? Aliuliza kwa udadisi tu. Kibanda chake kando ya soko la Kikula, chenye kompyuta mbili na printa moja inayokohoa, kilikuwa kimetoa wahitimu wengi kuliko chuo chenyewe, na hakuna aliyewahi kumvisha joho.

Alichopenda zaidi ni nota za chini ya ukurasa. Juu mwanafunzi anajigamba, chini, kwa herufi ndogo, anakiri alikochota.

Jumatatu moja akaingia Merdi, mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa mwisho. Sura yake ya pili ilikuwa imejaa wino mwekundu.

“Mama Philo, minye nitakufa Ijumaa.”

“Ijumaa njo unatetea kazi mbele ya balimu. Kufa itakuya kisha.”

Sura nzima, Merdi alieleza, ilisimama juu ya namba moja: asilimia sabini ya wanawake wa soko la Kikula ndio wanaolisha nyumba zao. Aliitoa kwenye makala ya asistenti Hervé, msimamizi wake. Lakini Hervé alikataa kutajwa. Taja chanzo cha kwanza, aliandika pembeni, la sivyo sura inatoka. Na bila sura hiyo hakuna Ijumaa.

“Na eye alikamata wapi?”

“Kwa kazi ya Sephora, ule mwanafunzi wa zamani.”

“Na Sephora?”

“Kwa Kazadi, ukurasa makumi tatu na ine. Na Kazadi hakutaja muntu. Chini ni bweupe tu. Nilimupigia telefone, eko Kapolowe, analima mahindi. Anasema hakumbuke.”

Kazadi alikumbukwa vizuri sana kibandani humo. Miaka ile alileta daftari lenye nukta tatu mahali pa namba, akaahidi kurudi nayo, hakurudi siku nzima, na kesho yake alikuwa anatetea. Umeme ukakatika. Kwa kukosa kazi, Philomène alitoka mlangoni, wanawake kumi wamekaa na nyanya zao, akamuuliza kila mmoja: kwako nani analisha nyumba? Saba wakasema ni wao. Umeme uliporudi, akaandika sabini.

Sasa akisema, nani atamletea kazi mpiga chapa anayejaza nukta za watu? Akinyamaza, Merdi anarudia mwaka. Na kusema kweli, kitu kilikuwa kinamtekenya: wasomi wanne wamepandana mabegani, na wa chini kabisa amekanyaga meza za nyanya.

“Ni minye, Merdi.”

“Weye njo nini?”

“Ile namba. Minye njo nilihesabu. Bamama kumi, pale kwa mulango.”

Merdi akaketi juu ya boksi la karatasi. “Kumi tu?”

“Bengine hawakukuya, mvua ilikuwa inanyesha.”

“Asistenti atanicheka.”

“Acha acheke. Eye pia anaifundisha tangu miaka tatu.”

Wakaandika nota. Jina la ukoo kwanza, kisha jina, kazi, mahali, na tarehe, ambayo faili la zamani la Kazadi liliitunza: mazungumzo ya mdomo na wachuuzi kumi, mbele ya kibanda. Juu, asilimia sabini ikawa saba kati ya kumi walioulizwa. Philomène aliangalia jina lake katika herufi ndogo, akalisoma mara mbili kama la mtu wa mbali.

Kesho yake Hervé alisoma akiwa amesimama koridoni. Alipofika chini ya ukurasa, alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

“Sura inabaki,” alisema mwishowe. “Lakini kumi ni kidogo. Mpaka Alhamisi waulize mia moja. Uende na huyu mama, ndiye peke yake kati yetu aliyekwenda kuuliza.”

Jumatano Mama Philomène alifunga kibanda asubuhi, kitu ambacho wateja hawakuwahi kukiona. Kwenye meza ya kwanza sokoni, Adrienne, muuza samaki wakavu, alisikiliza swali hadi mwisho.

“Na weye, mama? Kwako nani analisha?”

Philomène akafikiri. Mume wake alikuwa akichimba madini Kamatanda, siku anapata, siku hapati, na siku za kutopata zilikuwa nyingi.

“Minye,” alisema.

Merdi akauliza kama amwandike naye.

“Andika,” akajibu Adrienne kabla yake, “na uanze na eye.”