Siku Tuliyoisubiri Kampuni ya Gemu

Juzi nilisoma kwamba kampuni moja ya gemu imeahidi kuendelea kuitengenezea michezo mashine yake, ingawa wanunuzi ni wachache. Nikakumbuka chumba cha gemu cha Shangazi Tulizo pale Makambako, kilichonuka moshi wa mkaa na makoti yaliyolowa ukungu.

Mashine yake ilikuwa na mchezo mmoja tu, na watoto walishahamia kwa jirani. Shangazi alisema ataiondoa, chumba kiwe stoo ya viazi. Ndipo kaka yangu Edo alipomsomea gazeti: "Kampuni inasema haitaiacha mashine hii. Mchezo mpya umeshatoka."

Shangazi akampigia rafiki yake wa Dar es Salaam, kisha akasema, "Kesho wanatuletea."

Kampuni niliyoijua mimi ni ile ya chai, iliyoleta mbolea kwa lori pamoja na bwana shamba mwenye buti. Kwa hiyo nilifagia uwanja, nikachemsha sufuria nzima ya mahindi kwa ajili ya wageni.

Kesho yake alasiri basi la kutoka Dar es Salaam lilipiga honi barabarani. Edo akarudi mbio na bahasha nyembamba.

"Lori liko wapi?" nikamuuliza.

"Lori la nini, we mtoto?"

Ndani ya bahasha mlikuwa na diski ya mchezo mpya. Mashine ikavuma, gari jekundu likachomoka kwenye runinga, na wale watoto waliohamia kwa jirani wakajaa mlangoni wakitafuna mahindi yangu.

"Shangazi, sasa viazi utaweka wapi?" Edo akauliza.

"Chumbani kwako," akajibu bila kugeuka. "Usinisukume, napiga kona."