Bahasha Mbili za Shule ya Bule

Baba alitaka kujenga shule ya Bule ili apate sababu ya kurudi Bule. Hakumwambia mtu, lakini nyumbani tulijua. Tangu vita vitushushe mjini Bunia, kila aliposema "nyumbani" alinyoosha mkono upande wa milima, hata akiwa ameketi mlangoni petu. Mama alikuwa akimuuliza, "Nyumbani gani? Nyumba iko wapi?" Mtu hapandi mlima kwenda kutazama majani yaliyoota sebuleni kwake. Lakini mtu mwenye kazi, mwenye mifuko ya sima ya kujengea na mafundi na karatasi ya serikali, huyo anaweza kupanda, na akiulizwa amefuata nini, anacho cha kusema.

Kwa hiyo jimbo lilipotangaza zabuni ya kujenga upya madarasa yaliyochomwa kule, jirani na kiwanja chetu, aliwasilisha bahasha yake. Mimi nilikuwa Kisangani nikisomea sheria. Nilirudi siku ile ile ya kufungua bahasha, na ni njiani kuelekea ofisi za jimbo ndipo aliponieleza, kwa furaha, walivyofanya.

Walivyofanya, yaani yeye na mwenzake wa ujenzi tangu ujana. Watu wa kwao mwenzake huyo na watu wa kwetu walikuwa wameuana, kisha wakaambiwa kuna amani. Ilikuwa amani ya watu kuketi pamoja huku kila mmoja akiangalia nani yuko karibu na mlango. Wao wawili hawakuwa na habari ya mlango. Kwa mafundi wa rika lao, mtu hataji bei ya kiwanja kabla hajaketi na mwenzake anayekitaka. Wanakula, wanapatana, na atakayechaguliwa humwita mwingine wakajenga pamoja. Kushusha bei kwa siri waliita wizi.

"Tangazo linataka watu wengi," baba akasema. "Basi siye tuko wawili. Bei moja, bahasha mbili. Mama yako alitupikia sombe."

"Papa, sheria inakataza."

"Inakataza sombe?"

"Inakataza kupatana bei. Wanaita njama."

Akasimama katikati ya vumbi la pikipiki. "Metre," akasema, jina wanaloitwa mawakili, aliloniita kila alipotaka kunitania, "njama gani ya mlango wazi, watoto wanaingia na kutoka?"

Nilijua kwa nini sheria ile ipo. Wakubwa wakipatana, shule inajengwa kwa mchanga mtupu na bei inapanda hadi mawinguni. Lakini darasani sikuwahi kumsikia mtu akiuliza kama kuna mapatano mengine duniani. "Wakiuliza, unyamaze tu," nikamwambia. Akanitazama kama nimesema neno baya.

Ukumbini kulikuwa na mshindani wa tatu, kampuni moja ya mjini. Mama mmoja wa jimbo aliyeongoza kikao alisoma bei yake, kisha ya baba, kisha ya rafiki yake. Msingi, kuta, mabati: hizo mbili zilikwenda sawasawa mstari kwa mstari.

"Mapacha hawa!" akasema mtu wa kampuni, na watu wakacheka.

Mama yule hakucheka. "Wazee wangu, mulisikilizana?"

Niliinamisha kichwa. Rafiki wa baba alikuwa ameshasimama. "Tulisikilizana, mama. Kwake nyumbani."

"Na tulikula," baba akaongeza. "Ile miaka ya vita hangeweza kufika kwangu. Sasa anafika."

Mama yule akavua miwani. "Muzee, ungesema hivyo kanisani, ningepiga makofi. Hapa inabidi niwatoe wote wawili."

"Juu ya kusema kweli?"

"Juu ya kupatana."

Kazi ikaenda kwa kampuni. Nje, rafiki yake akampiga baba begani. "Unaona? Tungebaki tunachukiana, mumoja wetu angepata." Walicheka mpaka wakashikana mikono. Kisha rafiki akaenda zake, na baba akabaki akiangalia lori la sima lililokuwa likielekea upande wa Nizi, njia ya kwenda Bule, mpaka likapotea.

Bado nabishana na sheria ile. Siku nyingine naitetea mimi mwenyewe, kwa sauti, peke yangu chumbani.

Shule ilijengwa, na haikujengwa vibaya. Hilo nalo liliniudhi. Fundi mmoja wa kampuni ile alinitumia picha kwenye simu. Nilimpa baba nikitegemea atakosoa kuta. Hakuziangalia. Aliikuza picha kwa vidole, akayapita madarasa, akapita bendera, akaifuata mikaratusi ya nyuma mmoja mmoja, akishuka nayo kuelekea kushoto, mpaka picha ikakoma. Kidole chake kiliendelea kuisukuma.

"Sogeza kidogo," akaniambia. "Ni hapa tu mbele."